Herufi za Wasogdi na Jino Lisilokuwapo

Nilistaafu Machi iliyopita. Waliniaga kwa keki na kadi kubwa. Nusu ya waliotia sahihi sikuwafahamu, na nadhani wao pia hawakunifahamu. Wiki ya pili nikiwa nyumbani Neasden, London, Neema alinipigia simu. Neema ni binti wa Bukavu aliyekalia kiti changu katika chumba cha picha cha maktaba. Kazini pale yeye peke yake ndiye niliyekuwa nikisema naye Kiswahili, yeye kile cha Kongo na mimi cha Mombasa, tukisahihishana mchana kutwa bila mshindi.

"Mama Fatma," aliniambia, "watu huku wananiuliza mambo ya zile herufi za Kisogdi. Nani aliamua hivi, kwa nini hivi. Mimi sijui. Uandike, Mama. Kama hauandiki, itapotea."

Nikamjibu kwamba ripoti zote zimo kwenye mafaili.

"Ripoti nimezisoma," akasema. "Hazina watu."

Basi ninaandika, tena kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu kimezoea ripoti. Kikianza tu, watu wanatoka. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazikuwahi kuiboresha picha hata moja.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na glavu nyeupe za pamba. Nilikuwa nimeona kwenye filamu kwamba ndivyo watu wanavyoshika karatasi za kale. Aliyenipokea ni Desmond, mtoto wa Wajamaika, mkuu wa chumba cha picha, mtu mrefu aliyesema polepole. Alizitazama zile glavu.

"Glavu hazihisi karatasi," alisema. "Utaipasua na hutajua. Osha mikono, ikaushe vizuri, halafu usijiguse uso."

Kisha akanipa kitabu kinene cha namba za simu, kikuukuu, akaniambia nifungue kurasa zake moja moja bila kuukunja wowote. Nilifanya kazi hiyo wiki tatu. Nilidhani ananitania. Wiki ya nne aliniita kwenye meza ya kamera, akaniwekea barua ya kale chini ya taa, akanifundisha jambo ambalo sijalisahau.

"Usidhani unaipiga picha karatasi," alisema. "Unampigia picha mtu ambaye huenda hajazaliwa. Atakuja na swali usilolijua. Kwa hiyo usimchagulie kilicho muhimu. Pembe, madoa, upande wa nyuma usio na kitu, vyote piga."

Katika mwaka wangu wa pili liliteremshwa boksi la vipande vya karatasi vilivyotoka jangwani, magharibi ya Uchina. Vingine havikuzidi kiganja. Nilipokiweka cha kwanza chini ya taa, niliinama nikisome. Sikufikiri, jicho lilikwenda lenyewe. Utotoni Mombasa nilisoma Kurani chuoni, na nyumbani bibi yangu aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu mpaka alipofariki, hata orodha ya dukani. Maandishi yale yalitoka kulia kwenda kushoto na herufi zake zilishikana, nikadhani ni mwandiko mbaya tu, kama wa mjomba wangu. Lakini kila nilipodhani nimelikamata neno, liliniponyoka.

"Unasoma nini?" sauti iliuliza nyuma yangu.

Alikuwa Daktari Ellery, mtaalamu wa lugha za kale za Asia ya Kati, mwanamke mwembamba aliyekuja maktabani kila Alhamisi na daftari lililofungwa kwa mpira.

"Sisomi kitu, Daktari. Ninajaribu tu."

"Basi tuko wawili," alisema, akavuta kiti.

Ndiye aliyenieleza kwamba Wasogdi walikuwa wafanyabiashara wa Samarkandi na miji ya jirani, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walisafiri na misafara hadi Uchina, na lugha yao ikasemwa njia nzima, hata na watu ambao si yao. Nikamwambia lugha ya namna hiyo ninaijua, nimezaliwa nayo. Akataka kujua bibi yangu, kwa herufi zile za Kiarabu, alitofautishaje p na b. Nikamwambia mara nyingi hakutofautisha. Msomaji alijua.

"Alijua kwa sababu lugha iko hai," alisema Daktari. "Sisi hatuna wa kumuuliza."

Miaka mingi ikafuata ambayo sina mengi ya kuyasimulia, kwa kuwa kazi nzuri ya picha haina kisa. Kamera za filamu ziliondoka, zikaja za kidijitali. Desmond alistaafu akaniachia rula yake ya chuma, ambayo hatimaye niliipoteza, na simlaumu mtu. Daktari Ellery aliendelea kuja kila Alhamisi. Mimi nilipiga picha. Yeye alisoma, na alichosoma alikiandika kwenye kompyuta kwa fonti aliyotengenezewa na rafiki yake. Ukibonyeza herufi ya Kiingereza, kwenye skrini inatokea ya Kisogdi. Ilipendeza sana. Hakuna kati yetu aliyejiuliza ilifanyaje kazi.

Tulijua siku maktaba ilipobadilisha kompyuta. Daktari aliniita mezani kwake. Kwenye skrini palikuwa na mistari ya mabano, alama za kuuliza, alama za asilimia na herufi za Kiingereza zisizofanya neno. Akateremsha ukurasa, akafungua faili jingine. Vilevile. Hiyo ilikuwa kazi yake ya miaka kumi na mmoja. Rafiki aliyeitengeneza fonti alikwisha kufariki, na fonti yenyewe ilikuwa kwenye mashine zilizokwisha kuchukuliwa.

Fundi wa kompyuta alikuja, akatazama, akasema kwa upole, "Hakuna kilichopotea, Daktari. Kila kitu kimo humu."

Alisema kweli, kama mtu anayekuonyesha kaburi na kukuambia marehemu yumo.

Kwa wale mlioingia kazini baada ya hayo, nieleze kwa ufupi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Ipo kamati ya kimataifa inayoipa kila herufi ya dunia namba yake, na mashine zote zimekubali kuifuata, ndiyo maana barua iandikwayo Mombasa husomeka London. Kisogdi hakikuwa na namba. Yule rafiki wa Daktari alichukua namba za herufi za Kiingereza akazivisha sura za Kisogdi. Nguo zilipovuliwa, kikabaki Kiingereza kisicho na maana.

Dawa ilikuwa moja, kuiomba kamati iwape Wasogdi namba zao. Kazi ya kuandika maombi aliichukua Tomas, mtaalamu wa programu kutoka Prague, mtu asiyepandisha sauti na asiyekubali neno bila ushahidi. Kila herufi ilitaka picha ya mahali ilipoandikwa kweli, kwa wino, kwa mkono wa Msogdi. Tomas alitaja herufi, Daktari alichagua kipande, mimi nilipiga. Tulibishana miezi mingi. Mwandiko wa mwanzo, ambao herufi zake husimama mbalimbali, uwe seti moja na ule wa baadaye ambao herufi hushikana, au uwe seti mbili? Ukawa mbili. Herufi mbili ambazo baada ya karne kadhaa zilifanana hata Wasogdi wenyewe hawakuzitofautisha, tuzipe namba mbili au moja? Tukazipa moja.

"Fikirini vizuri," Tomas alikuwa akisema kila kikao. "Namba ikishatolewa hairudishwi. Kosa litakalopewa namba litakuwa kosa la milele."

Nilikuwa nikimsikia kama unavyomsikia mtu anayekukumbusha kufunga mlango.

Sasa nifike kwenye herufi ya Daktari. Kisogdi kina herufi ya sauti ya sh, yenye meno, jamaa ya sini ya Kiarabu. Daktari Ellery alipokuwa kijana, katika makala yake ya kwanza kabisa, alionyesha kwamba katika vipande viwili vya maktaba yetu ipo herufi inayofanana na hiyo lakini ina jino moja la ziada. Akasema ni herufi mbali, ya sauti mbali. Wenzake walikubali. Ikaingia kwenye vitabu vya wengine, wanafunzi wakafundishwa. Katika orodha ya Tomas ilikuwa ya mwisho, na kando yake palikuwa na jina la Daktari.

Nilikipiga kipande cha kwanza kwa mwanga wa kawaida; jino lilionekana. Nikakipiga kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kama nilivyofanya kwa vyote. Wino wa Wasogdi ulitengenezwa kwa masizi, na masizi chini ya mwanga huo hubaki meusi, wakati madoa ya kutu na uchafu hufifia. Herufi ilibaki. Jino la ziada likatoweka.

Nilidhani kamera ina kasoro. Nikarudia, nikabadilisha taa, nikarudia tena. Halafu nikaenda kwenye kipande cha pili, na pale jino halikufifia. Moyo ukatulia. Ulitulia mpaka nilipokigeuza. Upande wa nyuma, mwandishi alikuwa ameikandamiza kalamu, na wino ulipenya hadi mbele, pale pale chini ya herufi. Nilipowasha taa chini ya karatasi nikaona mstari ule wa nyuma na jino la mbele ni kitu kimoja.

Herufi ile haikuwapo. Palikuwa na doa la kutu na wino uliovuja.

Maombi yalitakiwa yaende baada ya wiki mbili. Tomas aliniuliza, "Picha za ile ya mwisho?" Nikamjibu bado. Kesho yake akauliza tena, nikamjibu bado. Nilimdanganya siku tatu mfululizo, mimi ambaye sikuwahi kuchelewesha picha. Niliwaza kwamba hakuna mtu mwingine aliyeziona. Nikiwapa zile za mwanga wa kawaida tu, herufi itapata namba, Daktari atakufa nayo, nani ataumia? Wakati huo macho yake yalikuwa yameharibika. Aliona pembezoni, katikati hakuona kitu. Alikuwa hatoki tena nyumbani kwake Peckham, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi.

Siku ya nne nilipanda basi kwenda Peckham. Alikaa ghorofani, juu ya duka la Wanigeria linalouza viazi vikuu na samaki wakavu. Alinifungulia mwenyewe, akanitangulia kwa kuushika ukuta.

"Nimesikia bahasha," alisema tulipokaa. "Umeleta picha. Siwezi kuziona, Fatma. Nieleze."

Nikamweleza kila kitu bila kumchagulia. Alinikatiza kuuliza mwanga gani, pembe gani, karatasi ililala sawasawa au ilikuwa na mkunjo. Akaniuliza kama kipande cha pili nilikitazama kwa nyuma kabla ya kuona matokeo ya cha kwanza au baada. Yalikuwa maswali mazuri. Niliyajibu moja moja, na kila jibu nililiona likimfunga zaidi.

Huko chini watu walikuwa wakicheka dukani.

"Wewe unasoma Kisogdi?" aliniuliza.

"Hapana, Daktari. Ninazijua herufi tu."

"Basi wewe ni mpiga picha."

"Ndiyo, Daktari."

"Nenda nyumbani."

Niliziacha picha mezani, ingawa sijui kwa nani. Kituoni mabasi yangu mawili yalipita nikiyatazama. Nilipofika nyumbani binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama nilikuwa mgonjwa. Nikamwambia siumwi, nimemvunjia mtu kitu ambacho hawezi kununua kingine. Akanichemshia chai, akaketi nami bila kuuliza zaidi. Hilo nalo ni Kiswahili, nikafikiri.

Siku sita hazikuleta neno. Nikampigia Daktari, hakupokea. Siku ya saba nilimwita Tomas chumba cha picha, nikamwekea kila kitu mezani. Alizitazama picha kwa utaratibu wake, ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akavua miwani.

"Yeye anajua?"

"Anajua."

"Nitasubiri hadi Ijumaa," alisema. "Ijumaa nitaitoa, kwa idhini yake au bila."

Alhamisi, saa nne asubuhi, mlango wa chumba cha picha ulifunguliwa. Daktari Ellery aliingia na fimbo nyeupe na koti lililofungwa vifungo kwa kupishana. Alikuja peke yake, kwa mabasi mawili. Nikamshika mkono hadi kwenye kiti, akaniachia nimshike. Akaagiza Tomas aitwe.

"Andika," alimwambia Tomas alipokuja. "Alama hii niliiona mimi na kuitangaza mimi. Si herufi. Katika kipande cha kwanza ni doa, katika cha pili ni wino wa upande wa nyuma. Kosa ni langu, na wote walioirudia waliipata kwangu. Aliyegundua ni Fatma. Andika jina lake kamili, na jina la baba yake, uliandike sawasawa. Mwulize herufi zake."

Tomas alinigeukia, nami nikamtajia herufi zangu moja moja.

Alipokwisha kutoka, tulibaki wawili. Daktari aliuliza kwa nini sikumwambia Tomas kwanza. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Kwa sababu herufi ilikuwa yako," nikasema.

"Haikuwa ya mtu yeyote. Ndiyo maana imenibidi nije." Alipapasa mezani mpaka akaupata ukingo. "Siku ile nilikuita mpiga picha, na nilikusudia kukuumiza. Hilo pia nimekuja kulifuta."

Nikamwambia nimekwisha kulisahau. Haikuwa kweli, na nadhani alijua, lakini alilipokea kama adabu inavyotaka.

Maombi yalikwenda bila ile herufi. Kamati ikauliza maswali, tukajibu, ikauliza mengine. Daktari Ellery alifariki majira ya baridi kabla namba hazijatolewa. Mazikoni tulikuwa wachache. Mama wa duka la chini alifunga duka akaja na watoto wake, akatuambia kwamba marehemu alikuwa akiwafundisha hesabu. Hakuna kazini aliyewahi kulijua hilo.

Namba zilipotoka, mimi na Tomas tuliyarudia mafaili ya Daktari. Tulitengeneza jedwali la kuonyesha alama ipi ya Kiingereza ilikuwa imevishwa herufi ipi ya Kisogdi, na miaka ile kumi na mmoja ikarudi ukurasa kwa ukurasa. Kila alipokuwa ameandika ile yenye jino la ziada tuliweka herufi ya kawaida, na pembeni tukaeleza kilichokuwapo na kilichobadilishwa. Neema, ukiulizwa maelezo yale ya pembeni yanatoka wapi, yanatoka hapo. Usiyafute.

Kisa cha mwisho ni cha mwaka wangu wa mwisho. Ilikuja barua pepe kutoka milimani Tajikistani, kutoka kwa mwalimu wa shule aitwaye Zulfiya. Katika bonde lao bado wapo watu wachache wanaosema lugha ambayo ni jamaa ya karibu ya Kisogdi. Mama yake, aliyeitwa Zaynab, alikuwa amefariki, na Zulfiya alitaka jina hilo lichongwe kaburini kwa herufi za kale. Alizipata kwenye simu yake. Aliomba tu nimthibitishie tahajia. Tuliandikiana kupitia programu ya kutafsiri, tukajadili sauti ya b, ambayo Wasogdi kwa kawaida waliiandika kwa herufi ya p, na tukamaliza kwa herufi nne za Kisogdi: zayin, yodh, nun, pe. Alishukuru sana.

Miezi miwili baadaye alinitumia picha ya jiwe likiwa limekwisha kusimama, na maua chini yake. Niliifungua nikaona lililotokea. Mashine ya mchongaji haikuzijua herufi zile. Ilizipanga kutoka kushoto, ikaziachanisha moja moja. Jina lilikuwa kinyume. Jamaa wote walikwisha kufika pale na kuomba dua, na bondeni hapakuwa na mtu wa kuligundua.

Nilikaa na picha ile asubuhi nzima. Kisha nikamwandikia Zulfiya sentensi fupi, ili programu isizipotoshe. Jina limegeuzwa. Kosa si lako, ni la mashine. Nikamchorea jina kwa mkono wangu kwenye karatasi nyeupe, nikaipiga picha, nikamtumia picha badala ya faili, na nikamweleza kwamba mchongaji aifuate kwa patasi kama anavyofuata mchoro wa ua.

Hakujibu siku tisa. Niliijua kazi ya kungoja namna hiyo, lakini kuijua hakukunisaidia. Siku ya kumi aliandika kwamba alilia kwanza, halafu alimkasirikia mtu wa London asiyemjua, halafu akaenda kwa mchongaji. Mawe mengine yangepatikana theluji ikiyeyuka.

Picha ya jiwe la pili ilifika wiki yangu ya mwisho kazini. Niliiweka kwenye skrini kubwa. Nyuma ya jiwe palikuwa na mlima, na Zulfiya mwenyewe amesimama kando, mama wa makamo mwenye kitambaa cha rangi ya samawati, ameuweka mkono juu ya jiwe. Nikaanza kusoma kutoka upande wa kulia, herufi kwa herufi: zayin, yodh, nun, pe. Kila moja ilikuwa mahali pake, zimeshikana panapostahili. Nikarudia mara ya pili, kisha nikamwandikia kwamba jina la mama yake linasomeka.